Pythagoras wa pembetatu unamjua. Je, yule aliyefukuzwa mjini?

Hebu rudi nyuma kidogo. Uko kidato cha pili, saa nane mchana, githeri imekulemea na mwalimu wa hesabu anachora pembetatu ubaoni. Huu mraba, jumlisha na ule mraba, utapata mraba wa upande mrefu. Ukaandika. Mtihani ukaja, ukapita. Jina la Pythagoras likabaki kichwani kama steji unayopitia na matatu kila siku lakini hujawahi kushuka.

Leo shuka nami.

Sitakudanganya, mimi niliachia chuo mwaka wa pili, na hesabu ilichangia: hesabu ya darasani na hesabu ya karo. Kwa hivyo sikuwa na sababu yoyote ya kumtafuta huyu jamaa tena. Kilichonirudisha kwake ni picha ya sarafu moja niliyokutana nayo usiku nikiperuzi simu. Sarafu ya fedha, umri wake zaidi ya miaka 2,500, nyembamba, upana wake unakaribia sentimita tatu. Upande wa mbele pana kigoda cha miguu mitatu, kimeinuka vizuri. Ukigeuza upande wa nyuma, kigoda ni kilekile, ila safari hii kimezama ndani.

Ukiiangalia haraka utadhani ni bati lililogongwa upande mmoja likatokeza upande wa pili. Sivyo. Mafundi walichonga chapa mbili, moja ya kutoa picha iliyoinuka na nyingine ya kutoa picha iliyozama. Wakaweka kipande cha fedha katikati, wakazilenga chapa zikae sambamba kabisa, halafu nyundo ikashuka. Ukikosea kidogo tu, picha mbili hazipatani. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Na hapa Kiswahili chetu kina utamu wake. Sisi madini tunayaita fedha, na pesa pia tunaiita fedha. Kwa watu wa mji huo hilo halikuwa fumbo: pesa yao ilikuwa fedha yenyewe, gramu nane hivi kwa kila sarafu kubwa. Mji wenyewe uliitwa Croton, uko kusini mwa Italia, na siku hizi unaitwa Crotone. Huko ndiko Pythagoras alikojengea jina. Huko huko ndiko walikomtimua.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Hutaona hapa hata sentensi moja ya Pythagoras mwenyewe, kwa sababu hakuacha maandishi yoyote. Karibu kila unachosoma kumhusu kiliandikwa na watu wengine, mengi yake miaka mia moja au hata mia nane baada ya kifo chake. Baadhi walikuwa mashabiki sugu, wengine walikuwa wanamcheka. Lakini sarafu zilipigwa enzi zake, katika miji aliyoishi. Sarafu haina shabiki. Ndiyo maana nitakusimulia maisha yake nikiwa nimeishika mkononi, angalau kwa mawazo.

Kijana wa Samos

Alizaliwa mwaka wa 570 hivi kabla ya Kristo (K.K.) katika kisiwa cha Samos, karibu kabisa na pwani ya nchi tunayoiita Uturuki leo. Babake aliitwa Mnesarchus. Masimulizi mengine yanasema mzee alikuwa mfanyabiashara, mengine yanasema alikuwa mchonga vito. Mchonga vito enzi hizo alichonga picha ndogo ikazama ndani ya jiwe, ili ukilibonyeza juu ya nta picha itokee imeinuka. Liweke hilo mfukoni, tutalirudia.

Samos haikuwa kisiwa cha mchezo. Kilikuwa na meli, biashara na wahandisi wa kutisha. Katika karne hiyo hiyo watu wake walichimba mtaro wa maji kupitia ndani ya mlima, zaidi ya kilomita moja, kundi moja likianzia upande huu na lingine upande ule, wakakutana katikati. Bila simu, bila mashine, bila ramani ya setilaiti. Huwezi kufanya hivyo kama pembe na mistari huzielewi. Kwa hivyo ukiuliza kijana wa Samos alitoa wapi mapenzi ya maumbo na namba, usitafute mbali.

Shida ya Samos ilikuwa siasa. Dikteta mmoja aliyeitwa Polycrates alikishika kisiwa, akajenga jeshi la majini, akawa tajiri na akawa hatari. Wasimulizi wa kale wanasema Pythagoras alipofika umri wa miaka 40 hivi, mwaka wa 530 K.K. au karibu na hapo, aliona hakuna maisha chini ya mtu kama huyo. Akafungasha, akapanda meli kuelekea magharibi.

Miji iliyojitambulisha kwa fedha

Kusini mwa Italia wakati huo kulikuwa kumejaa miji ya Wagiriki. Walikuwa wameanza kuhamia huko karne mbili nyuma wakitafuta mashamba na bandari. Warumi baadaye waliliita eneo hilo Magna Graecia, yaani Ugiriki Kubwa. Majina ya kukumbuka ni Sybaris, Metapontum, Croton na Taras.

Miji hii ndiyo iliyoanza kupiga zile sarafu za picha iliyoinuka mbele na kuzama nyuma, na kila mmoja ulikuwa na alama yake. Sybaris uliweka fahali aliyegeuza shingo kutazama nyuma. Metapontum, mji wa mashamba mazuri, uliweka suke la shayiri. Croton uliweka kigoda cha miguu mitatu, kwa sababu watu wake waliamini mji wao ulianzishwa kwa maagizo ya Apollo kutoka hekalu lake la Delphi, ambako kuhani wa kike alikaa juu ya kigoda cha aina hiyo akitoa utabiri. Pembeni wakaandika herufi tatu za kwanza za jina la mji. Hata mtu asiyejua kusoma angetambua pesa ni ya nani.

Fedha yenyewe haikuota mashambani huko. Nyingi ililetwa na meli. Kuna sarafu za Metapontum ambazo ukizikazia macho unaona mabaki ya farasi mwenye mbawa chini ya suke la shayiri. Farasi huyo ni alama ya Corinth, mji wa Ugiriki kwenyewe. Walichukua pesa ya wageni wakaigonga chapa yao juu. Hiyo ndiyo dunia aliyoingia Pythagoras: watu waliotoka kwingine, wakitumia madini kutoka kwingine, wakipiga chapa mpya juu ya kitu cha zamani. Mhamiaji wa miaka 40 kutoka Samos angejisikia nyumbani.

Je, ni yeye aliyebuni hizo sarafu? Kuna wasomi waliolipenda wazo hilo. Baba mchonga vito, mtoto mpenda namba, halafu sarafu yenye picha mbili zinazopingana, moja imeinuka, moja imezama! Tamu sana. Hata mwandishi mmoja wa kale alisema Pythagoras ndiye aliyewaletea Wagiriki vipimo na mizani. Lakini tarehe zinakataa. Sarafu hizo huenda zilianza kupigwa mwaka wa 540 hivi K.K., au alipokuwa ndio kwanza anashuka melini. Na Sybaris, mji ambao hakuwa na kiti chochote kwake, ulikuwa miongoni mwa walioanza. Kwa hivyo hapana, usimpe sifa hiyo. Alizikuta, akazitumia, na mji uliozipiga ukawa wake.

Mwalimu na watu wake 300

Croton aliofikia ulikuwa mji wa watu wenye vipaji na kidonda. Madaktari wake walisifika kote; mmoja wao, Democedes, alimtibu Polycrates kule Samos na baadaye mfalme Darius wa Uajemi. Wanariadha wake walikuwa moto. Milo, bingwa wa mieleka, alishinda Olimpiki mara sita, na hakuna mwanamieleka wa kale anayetajwa kama yeye. Kidonda ni kwamba Croton ulikuwa umepigwa vitani na mji mdogo wa Locri, kando ya mto Sagra. Watu walikuwa wameinamisha vichwa.

Ndipo anaingia huyu mgeni anayejua kuongea. Masimulizi yanasema alialikwa kuzungumza na wazee wa baraza, halafu vijana, halafu watoto, halafu wanawake, kila kundi kwa siku yake. Ujumbe wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuishi: jitawale. Kula kwa kiasi. Heshimu wazazi. Rafiki ni mtu wa kugawana naye kila kitu. Roho haifi, huhama kutoka mwili mmoja hadi mwingine, hata wa mnyama. Mshairi mmoja aliyeishi zama zake alimtania kwamba aliwahi kumzuia mtu asimpige mbwa kwa sababu alitambua sauti ya rafiki yake aliyekufa. Na ndiyo, kulikuwa na mwiko wa maharagwe. Usiniulize sababu, watu wa kale wenyewe walitoa sababu tano tofauti.

Watu wakamfuata. Kundi likaanza, likakua, wasimulizi wanataja vijana 300 hivi. Waliweka mali pamoja, na kundi lilikuwa na wanawake pia, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa Wagiriki. Walisoma namba, muziki na nyota kama kitu kimoja. Kuhusu ile pembetatu yako ya kidato cha pili, Wababeli walijua namba zake zaidi ya miaka elfu moja kabla Pythagoras hajazaliwa. Vibao vyao vya udongo vipo hadi leo. Mchango wa kundi lake ni mkubwa kuliko fomula moja: wazo kwamba dunia nzima ina mpangilio, na mpangilio huo unaweza kuhesabiwa. Kila daktari anayesoma kipimo na kila fundi wa programu anakula matunda ya wazo hilo.

Lakini kulikuwa na mlango. Kuingia kundini ulichunguzwa kwanza. Ukikubaliwa, inasemekana ulikaa miaka mitano kimya, unasikiliza tu, humwoni mwalimu. Ulichojifunza hukukitoa nje. Na wale 300 hawakuwa watoto wa maskini wa mtaani. Wengi walitoka familia kubwa za Croton, zile zinazokaa barazani. Taratibu mji ukajikuta unaendeshwa na watu wanaokula pamoja, wanaoapa pamoja na wanaojua siri ambazo wewe huzijui.

Si ushawahi kuona kitu kama hicho? Mahali ambapo maamuzi yanakuja yakiwa yameshafanywa, na ukiuliza yalifanyiwa wapi, watu wanatazamana.

Siku fahali alipozama

Kaskazini mwa Croton ulikuwa mji wa Sybaris, wenye mali hadi jina lake likageuka neno la anasa katika lugha za Ulaya. Mwaka wa 510 K.K. kiongozi wake Telys aliwafukuza matajiri 500 na kuwanyang'anya mali. Wakakimbilia Croton, wakakaa madhabahuni kuomba hifadhi. Telys akatuma ujumbe: warudisheni au tupigane.

Watu wa Croton waliyumba. Sybaris ulikuwa mkubwa, na wao walikuwa bado na kumbukumbu ya Sagra. Mwanahistoria Diodorus anasema Pythagoras ndiye aliyewashawishi wasiwatoe wakimbizi. Fikiria hapo. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi wa dikteta. Ukiniuliza, huo ndio wakati wake bora kabisa, kushinda pembetatu yoyote.

Vita vikaja. Jeshi liliongozwa na Milo, na wasimulizi wanasema aliingia vitani amevaa mataji yake ya Olimpiki na ngozi ya simba, rungu mkononi. Croton ukashinda. Na kama ingeishia hapo, tungepiga makofi na kwenda zetu.

Haikuishia hapo. Sybaris ulisawazishwa na ardhi. Mwandishi Strabo anasema washindi waligeuza mkondo wa mto Crathis ukapita juu ya magofu, ili mji usiinuke tena. Walianza kwa kuwatetea wakimbizi 500, wakamaliza kwa kufuta mji mzima na kutengeneza wakimbizi wapya kwa maelfu.

Sasa rudi kwenye fedha. Baada ya ushindi huo zilipigwa sarafu za aina mpya. Mbele kuna kigoda cha Croton, kimeinuka. Nyuma kuna fahali wa Sybaris, amezama ndani. Hakuna kitabu cha shabiki kinachoweza kulilainisha hilo. Ukipokea sarafu hiyo sokoni ukinunua samaki, kidole chako kinaelewa nani yuko juu na nani yuko chini.

Pythagoras alijisikiaje kuziona? Hakuna aliyeandika. Ila zilipita mikononi mwa watu wake, na watu wake ndio waliokuwa wakuu wa mji.

Moto

Ushindi ulileta ardhi nyingi, na ardhi ikaleta swali ambalo hata mtaani kwenu mnalijua: nani anagawiwa? Wananchi wa kawaida waliopigana walitaka mashamba ya Sybaris yagawanywe. Wakuu hawakutaka. Hasira ikapanda.

Akajitokeza mtu aliyeitwa Cylon. Masimulizi yanamchora kama tajiri mwenye ubabe aliyeomba kujiunga na kundi, akakataliwa, akaweka kinyongo. Inawezekana. Lakini kumbuka wanaotusimulia ni watu wa upande wa Pythagoras. Sijawahi kusoma hadithi ya mlango uliofungwa ikisimuliwa na aliyebaki nje. Mimi najua kidogo jinsi inavyokuwa kusimama nje ya geti la mahali palipokuwa pako, ukiwatazama wenzako wakiingia na vitabu. Sikuchoma kitu. Lakini joto la kifuani nalijua.

Cylon alipata wafuasi wengi. Pythagoras, mzee sasa, akaondoka Croton. Watu wake waliendelea kuandamwa hadi siku walipochomewa ndani ya nyumba ya Milo wakiwa mkutanoni. Baadhi ya wasimulizi wanaiweka siku hiyo miongo kadhaa baadaye. Wachache walitoka wakiwa hai. Elimu iliyokuwa imefungiwa ndani ya chumba kimoja nusura iteketee na chumba hicho.

Yeye alifikia Metapontum, mji wa suke la shayiri, na huko akafa mwaka wa 495 hivi K.K. Masimulizi mengine yanasema alijifungia katika hekalu akakaa bila chakula hadi pumzi ikamtoka. Kama ni kweli, basi mtu aliyefundisha kula kwa kiasi alikufa njaa katika mji uliopiga chapa ya chakula kwenye pesa zake.

Mara ya kwanza alihama kwa sababu mtu mmoja alishika madaraka yote. Mara ya pili alihama kwa sababu watu waliona ni yeye na wenzake walioyashika.

Kilichobaki

Karne nyingi baadaye Cicero, yule mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, alipita Metapontum na hakukubali kwenda kupumzika kwa mwenyeji wake kabla hajaona mahali Pythagoras alipofia. Leo ukienda Crotone, nje kidogo ya mji kuna rasi yenye nguzo moja tu ya hekalu la Hera, imesimama peke yake ikitazama bahari. Sarafu zenyewe ziko katika makumbusho mengi duniani. Mtindo wa picha iliyozama uliachwa kufikia katikati ya karne ya tano K.K.; sarafu zikawa nene na ndogo, zenye picha zilizoinuka pande zote mbili, kama za kwenye mfuko wako sasa hivi.

Elimu ya kundi nayo ilipona, na ilipona kwa njia moja: ilitoka nje. Waliookoka walitawanyika hadi Ugiriki na Taras, wakafundisha, wengine wakaandika. Ingebaki siri ya watu 300 wa Croton, mwalimu wako wa kidato cha pili asingekuwa na cha kuchora.

Kwa hivyo ukisikia tena jina la Pythagoras, kumbuka ile sarafu ina pande mbili. Upande ulioinuka ni yule mgeni aliyewainua watu walioshindwa, akafundisha kwamba dunia inaweza kueleweka, akasimama na wakimbizi. Geuza. Upande uliozama ni mlango uliofungwa, mji uliofunikwa na mto, na watu walioachwa nje hadi wakashika mienge. Mtu ni huyo huyo.

Na wewe, ukijua kitu ambacho wenzako mtaani hawakijui, iwe ni kuandika programu, kurekebisha simu au kujaza fomu ya kuomba basari, usikikalie. Mwite mmoja, mwonyeshe. Mimi ndicho nimefanya hapa.